Kroke ya Saba Saba nyumbani Mwanza: matufe manne, magoli sita na jabali moja

Mara ya kwanza nilipowaambia rafiki zangu kwamba Saba Saba tungecheza kroke, ule mchezo wa kupitisha matufe kwenye magoli madogo ya chuma kwa kuyapiga na nyundo ya mbao, mmoja alicheka hadi akaweka soda chini. "Yaani siku TANU ilipozaliwa, sisi tucheze mchezo wa Waingereza?" Hoja yake ilikuwa na uzito, na nitaijibu mbele. Kwa sasa nisikilize kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyomnyamazisha.

Uwanja kamili wa kroke una urefu wa yadi 35 na upana wa yadi 28. Kila goli la pembeni linakaa yadi 7 kutoka mstari mmoja na yadi 7 kutoka mstari wa pili. Saba kwa saba. Magoli mawili ya katikati yako yadi 7 kutoka kwenye kigingi kinachosimikwa katikati ya uwanja. Na katika aina ya kroke iliyo nyepesi kuliko zote, ambayo ndiyo ninayoielekeza hapa, anayetangulia kufikisha magoli 7 ndiye mshindi. Huu si mchezo uliotungwa kwa ajili ya tarehe 7 Julai, lakini ukiutazama unaweza kudhani hivyo.

Sababu nyingine ni mvua. Siku ya Uhuru, 9 Desemba, majani ni mazuri lakini vuli inaweza kukuharibia mchana wote. Muungano, 26 Aprili, ni masika. Julai kwetu ni kiangazi: ardhi imekaza, anga ni safi, na tufe linakimbia.

Wiki moja kabla: tafuta ua, si bustani

Watu wakisikia kroke wanawaza nyasi za Capri Point zilizokatwa kwa mashine. Achana nazo. Mwenye nyasi za namna hiyo atakuwa anakuangalia kila ukiinua nyundo. Ua wa kawaida wa Nyegezi, Buswelu au Igoma, wenye ukoka uliofyekwa chini au udongo mtupu uliozoea fagio, unachezeka vizuri. Tena mimi napendelea udongo. Nyasi za Julai zimekauka vichakavichaka, tufe linadundadunda kama daladala kwenye matuta. Udongo ulioshindiliwa unalipeleka pale ulipolituma.

Unachohitaji ni eneo la mita 15 kwa 12 hivi. Mita 10 kwa 8 nazo zinatosha mkiwa na subira. Jambo la kuogopa Mwanza ni mteremko. Nusu ya nyumba zetu zimening'inia kwenye vilima, na ua unaoonekana tambarare kwa macho hudanganya. Weka tufe chini, liachie. Likianza kujiondokea lenyewe, tafuta ua wa rafiki mwingine, au elekeza urefu wa uwanja upande wa mteremko, ili timu zote mbili zipande na kushuka sawasawa. Mteremko wa kukata uwanja ubavuni ndio unaovunja urafiki, kwa sababu kila pigo linapinda na kila mtu anaamini mwenzake amependelewa.

Mashimo yazibe kwa udongo wa kichuguu. Uloweshe, uujaze, uushindilie kwa kitako cha mchi au kwa mguu, uuache ukauke siku mbili. Wazee walikuwa wakitengeneza viwanja vya kupuria nafaka kwa udongo huohuo, na ukikauka unakuwa kama sakafu.

Na jabali je? Huu ni mji wa mawe. Ua usio na jabali ni bahati. Ikiwa liko pembeni, lihesabu kama ukuta: tufe likigonga na kurudi, mchezo unaendelea. Ikiwa liko katikati kabisa, usilalamike, lifanye liwe kigingi. Kwetu ndivyo lilivyo. Wageni wanapenda kulikalia, na inabidi kuwainua kila baada ya mapigo matatu.

Vifaa: seremala mmoja na fundi wa kuchomelea

Seti za dukani zipo ughaibuni, ila sioni haja ya kuagiza.

Magoli ni kazi rahisi kuliko zote. Nondo moja ya milimita 12 ina urefu wa mita 12. Wewe unahitaji zaidi kidogo ya nusu yake. Mwambie fundi akate vipande sita vya mita moja na kidogo, kila kimoja akikunje kiwe na miguu miwili iliyonyooka. Juu ya ardhi kibaki kimo cha sentimita 30, na kiasi cha sentimita 15 kiingie chini. Upana ndio wa kujadiliana. Kwenye mashindano tufe lina kipenyo cha milimita 92 na goli linaliacha na nafasi ya milimita chache tu pande zote mbili, yaani kama kupenyeza ndoo kwenye mlango wa kabati. Kwa ua wenye vijiwe, goli la sentimita 15 ni la haki. Nyembamba zaidi ya hapo watu wanachoka kabla ya goli la pili.

Matufe yakerezwe na seremala mwenye mashine, kwa mbao ngumu. Kipenyo cha sentimita 9. Mninga unafaa. Tufe halisi la mashindano lina uzito wa gramu 454 na likitupwa majini linazama. Yetu ya mbao huwa mepesi zaidi na yanaelea, jambo ambalo utalishukuru ikiwa ua wako umeshuka hadi ufukweni. Likielea, lakini, usimtume mtoto kulifuata kwenye matete. Kuna kichocho, na kwingine kuna mamba. Chukua fimbo ndefu, au tumia tufe jingine.

Nyundo ni kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 23 au zaidi, nyuso zake mbili za mwisho zikiwa bapa kabisa, kikiwa kimetobolewa katikati na kutiwa mpini. Mpini wa jembe unaweza kufaa ukipigwa msasa. Uukate ubaki sentimita 90 hivi. Uzito wote ukifika kilo moja na robo umepatia. Usitengeneze nyundo nne. Anayepiga ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mbili zinatosha: moja ya warefu, moja ya wafupi na watoto.

Sasa rangi. Matufe ya kroke kwa kawaida ni bluu, jekundu, jeusi na njano. Tazama hapo: bluu, nyeusi na njano tayari ni za bendera yetu. Sisi tuliliondoa jekundu tukapaka kijani. Kwenye nyasi mbichi tufe la kijani lingekuwa upumbavu, lingepotea machoni. Lakini Julai hakuna kitu cha kijani chini, kwa hiyo linaonekana kuliko yote.

Jioni ya tarehe 6: kupima na kuchimba

Hesabu ya uwanja ni hii: gawa urefu kwa tano, upana kwa nne. Ua wa mita 15 kwa 12 unakupa kipimo cha mita 3 pande zote, na hicho kinachukua nafasi ya zile yadi 7. Chukua kamba ya katani, ipige fundo kila baada ya mita 3, utamaliza kazi nusu saa.

Simama kwenye upande mfupi wa uwanja, ukiutazama. Goli la kwanza liko karibu nawe kushoto, kipimo kimoja kutoka kila mstari. La pili liko mbali kushoto, la tatu mbali kulia, la nne karibu kulia, yote kwa kipimo hichohicho kutoka pembeni. Kigingi, au jabali, kinakaa katikati kabisa. Goli la tano liko kati yako na kigingi, kipimo kimoja kutoka hapo. La sita liko ng'ambo ya kigingi kwa umbali uleule. Magoli yote yanatazamana na upande uliosimama, hakuna linaloelekea ubavuni.

Kuyasimika ndiko kunakotoa jasho. Ardhi ya Julai haipokei nondo kwa nyundo, utaikunja tu. Jioni hiyo mwagia maji kila sehemu ya goli, lita mbili tatu, uyaache yazame usiku. Asubuhi toboa kwa mtaimbo, kisha gonga goli taratibu ukiweka ubao juu yake. Ukikuta mwamba chini, na utakuta, usishindane nao. Sogeza goli nusu hatua, kisha sogeza na mwenzake wa upande wa pili kiasi hichohicho, uwanja ubaki na ulinganifu.

Mistari ya pembeni ichorwe kwa chokaa au majivu. Majivu ni ya bure.

Kanuni, kwa lugha ya gololi

Waliocheza gololi utotoni wameshajua nusu ya mchezo huu. Unalenga lako, unalifyatua la mwenzako, unajiweka mahali pazuri kwa zamu ijayo.

Timu ni mbili: bluu na nyeusi dhidi ya kijani na njano. Mkiwa wanne kila mtu ana tufe lake. Mkiwa wawili kila mmoja anashika mawili. Mnaanzia kwenye kona iliyo karibu na goli la nne. Zamu haibadiliki kamwe: bluu, kijani, nyeusi, njano, kisha tena bluu. Kila zamu ni pigo moja tu. Ukigonga tufe la mtu hupati pigo la nyongeza, ukifunga goli pia hupati. Hapa ndipo aina hii inapotofautiana na ile kroke ndefu, ambayo mtu mmoja anaweza kupiga nusu saa wenzake wakitazama. Sikushauri uilete kwenye sherehe.

Wote mnagombea goli moja kwa wakati mmoja. Tufe la kwanza kupita linaipa timu yake alama moja, na hapohapo wote mnahamia goli linalofuata, hata kama lako lilikuwa mdomoni mwa goli na ulibakiza kulisukuma tu. Inauma. Ndiyo raha yenyewe.

Magoli la kwanza na la pili unayapita ukienda mbali na pale uliposimama kupima. La tatu na la nne ukirudi. La tano na la sita ukienda tena. Baada ya hapo mnageuza: la pili ukirudi, la kwanza ukirudi, la nne ukienda, la tatu ukienda, la sita ukirudi, la tano ukirudi. Hayo ni kumi na mawili. Mkiwa sita kwa sita, mnaamuliwa na goli la tatu tena, ukirudi. Mpangilio huu uandike kwenye boksi la karatasi na uutundike juu ya mti, la sivyo utaulizwa mara mia.

Kigingi katika aina hii hakipigwi wala hakifungwi. Kipo kuonyesha katikati tu.

Tufe limepita lini? Ukiwa nyuma ya goli, upande lilikoingilia, telezesha ubao mnyoofu kwenye miguu ya goli. Ubao usipoligusa tufe, limepita. Ukiligusa, bado. Tafuta mtu mmoja asiyecheza awe na ubao huo, na neno lake liwe la mwisho. Tufe linaweza kupita kwa zamu mbili au tatu, si lazima pigo moja.

Likitoka nje ya mstari, linarudishwa juu ya mstari pale lilipotokea.

Na kuna kuotea! Watu wa mpira hufurahi wakifika hapa. Goli likishafungwa, tufe ambalo tayari limevuka nusu ya njia kuelekea goli linalofuata limeotea, na wapinzani wanaweza kudai lirudishwe pembeni, kwenye katikati ya mstari mrefu, upande wautakao wao. Haliotei ikiwa ni lile lililofunga na kuendelea mbele, au ikiwa mpinzani mwenyewe ndiye aliyelipeleka huko. Kwa mchezo wa kwanza iacheni kanuni hii. Ileteni mtakapoona mjanja mmoja anamtanguliza mwenzake kila mara akamsubiri mbele.

Kupiga

Kosa la kila mgeni ni kushika nyundo kama anapasua kuni. Tanua miguu, simama nyuma ya tufe, acha nyundo ining'inie katikati ya miguu na ibembee kama ulimi wa kengele. Nguvu inatoka kwenye uzito wa nyundo, si kwenye bega. Macho yabaki kwenye tufe hadi uusikie mlio. Anayeinua kichwa mapema kuona linakwenda wapi hulipeleka asikotaka. Usilisukume wala usiligonge mara mbili. Na usiweke mguu juu ya tufe kama umeona kwenye picha. Kwenye udongo mgumu ni kidole chako kitakacholia.

Ujanja ninaoweza kukuuzia ni mmoja: usikimbilie kufunga kutoka mbali. Pigo la kwanza lijiweke mbele ya goli, hatua moja, umelitazama sawasawa. Mpinzani akishakaa hapo kabla yako, mfagie, usijaribu kujipenyeza. Aliyetufunga wote mwaka jana ni shemeji yangu mshona nguo, mtu ambaye hajawahi kupiga mpira wa miguu maishani. Mkono mtulivu tu. Vijana wenye misuli walikuwa wakilitafuta tufe kwa jirani.

Siku yenyewe

Asubuhi fagia, nyunyiza maji kidogo kuzuia vumbi, acha pakauke. Waalike watu saa nane, uanze kucheza saa tisa na nusu. Jua la mchana limepungua, na upepo wa ziwani umeshaanza kupanda. Jua linazama karibu saa moja, kwa hiyo mna mechi tano au sita za haraka. Watu kumi ni wengi wa kutosha: wanne uwanjani, mmoja na ubao, waliobaki kivulini wakibishana. Timu inayoshinda inabaki, inayofungwa inapisha.

Kabla ya pigo la kwanza mpe mzee mmoja dakika zake. Akija, msalimu kwa Kisukuma, "Mwadila", kabla ya mengine yote, mpe kiti chenye mgongo, umwombe aseme anachokumbuka au alichosimuliwa. Saba Saba ni siku ya kuzaliwa kwa TANU, 7 Julai 1954, na hapa Usukumani ina ladha yake: serikali ya kikoloni ilikizuia chama hicho kwa miaka kadhaa, hadi 1958. Mwaka wa kwanza tulipocheza, babu wa jirani alitueleza watu walivyokuwa wakikutana kwa kisingizio cha ushirika wa pamba. Alipomaliza, yule rafiki wa soda akarudi na hoja yake: basi kwa nini mchezo wa Waingereza? Babu akauliza swali moja tu: "Nyundo ni za nani?" Za seremala wa Igoma, tukamwambia. Akaomba apige.

Mimi jibu langu ni Misri. Kroke ilienea Uingereza katikati ya karne ya 19, na ile klabu maarufu ya tenisi ya Wimbledon ilianzishwa mwaka 1868 kama klabu ya kroke. Jina hilo limo kwenye jina lake rasmi hadi leo. Mwaka 1900 mchezo huu ulichezwa hata kwenye Olimpiki ya Paris. Lakini katika aina hii ya pigo moja moja, Wamisri wametwaa ubingwa wa dunia mara nyingi. Mto wanaokunywa maji yake unaanzia kwenye ziwa letu. Tuna undugu wa kutosha.

Jiko liwekwe upande wa bara, si upande wa ziwa. Upepo wa alasiri utaupeleka moshi mbali na wachezaji. Sato achomwe mwishoni, si katikati ya mchezo. Mkono wenye mafuta ya samaki haushiki mpini, na nimeona nyundo ikiruka juu ya ukuta. Wakati wa mechi wape watu matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga na maji mengi. Ugali, kachumbari na samaki vije taa zikiwashwa.

Watoto wakae nyuma ya anayepiga, hatua nne, bila mjadala. Nyundo inaporudi nyuma haioni. Saa kumi na mbili wape uwanja wao wenyewe kwa nusu saa, bila kanuni yoyote.

Jambo la mwisho ni la kufanya kabla giza halijaingia, kabla hata ya kunawa mikono: ng'oa magoli na uyahesabu yawe sita. Nondo nyembamba yenye kimo cha sentimita 30 haionekani usiku. Mwaka wa kwanza tulihesabu matano tukasema la sita amelichukua mtoto. Aliyelipata ni muuza maziwa, alfajiri, akiwa juu ya baiskeli. Tulilipia lita zote alizomwaga, na rimu ya mbele.